Mawe Tumboni mwa Mashua

Mara ya kwanza Anitha aliposikia mtu akisaga ndani ya mashua, alidhani ni nesi. Jua lilikuwa la utosi, upepo ulikuwa umekata ghafla katikati ya bwawa la Mang'weta, na tanga lilining'inia kama shuka iliyosahauliwa kambani. Kutoka chini ya sakafu ukaja mkwaruzo. Kwaru, kimya. Kwaru, kimya. Ulikuwa mwendo wa mtu asiye na haraka, mwenye kazi ndefu mbele yake.

"Dada Restuta, unafanya nini humo?" aliuliza, akiinama kuchungulia kwenye chumba kidogo cha mbele.

Nesi Restuta alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba cha mbao, kisanduku cha chanjo ubavuni, macho wazi. "Mimi? Nasikiliza kama wewe."

"Huyo ni Kabati, mashua yenyewe," alisema Mzee Mohamedi kutoka nyuma, mkono kwenye usukani. "Upepo ukilala naye analala, anaota. Utamzoea."

"Anaota anasaga?"

"Wewe mhandisi bwana! Mbao kuukuu hizo, zinalia kama magoti yangu."

Anitha alicheka, lakini aliendelea kutega sikio. Walikuwa juu ya Chilonje, kijiji kilichofunikwa na maji bwawa lilipojazwa. Vilele vya miti iliyokufa zamani vilichomoza kila upande, vyeupe kwa kinyesi cha ndege. Bibi yake, Loisi, alizaliwa huko chini.

Alikuwa amehitimu uhandisi mwaka uliopita, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kweli. Shirika dogo lenye ofisi Area D, Dodoma mjini, lilikuwa na mashua mbili ndogo za tanga za kusafiria, moja ya zamani na moja mpya, na uwezo wa kutunza moja tu. Anitha alitakiwa azijaribu zote mbili, azilinganishe, aseme ipi ibaki. Itakayobaki ndiyo ingemvusha Restuta kwenda kupima wajawazito na kuchanja watoto wa vijiji vya ng'ambo, ambako barabara ya kuzunguka ni ya siku nzima, tena hukatika kila msimu wa mvua. Anitha aliichukua kazi hiyo kama kiapo. Aliamini kabisa kwamba hesabu ikifanywa vizuri, na kwa upendo, huokoa watu.

Mashua ya zamani ilijengwa kwa mninga na Mzungu mmoja aliyekuja na ujenzi wa bwawa, akapapenda, akakaa. Siku za mapumziko alizunguka nayo majini na mkewe, wakilala humo humo, kabla ya kuliachia shirika. Ilikuwa nyembamba na nzito, yenye mkuku, ule uti wa chini ya tumbo la mashua, ulioshuka chini sana, kwa hiyo haikuweza kufika ufukweni. Ilibidi mtu ashuke majini hadi kiunoni, na Restuta alishuka hivyo kila safari, kisanduku kichwani, akilaani kwa sauti. Chumba chake kilikuwa na giza na kilinuka lami. Restuta ndiye aliyeiita Kabati.

Mohamedi alilipiza kwa kuiita ile mpya Ndoo. Ndoo ilitoka Ulaya, zawadi ya wafadhili. Ilikuwa ya faiba nyeupe, pana upande wa nyuma, na chumba chake kilikuwa na madirisha, jiko la gesi, hata pazia la maua. Mkuku wake ulivutwa juu kwa kamba, mashua ikateleza mpaka kwenye mchanga, mjamzito akapanda bila kulowa kisigino. Kwa upepo kidogo tu ilikimbia. Iligeuka papo hapo, wakati Kabati iligeuka kama ng'ombe mzee aliyeitwa jina lake, baada ya kufikiri.

Kila kipimo, basi, kiliielekea Ndoo. Anitha alihuzunika, maana Kabati alikuwa ameanza kuipenda, lakini alijiambia kwamba watu wa ng'ambo hawahitaji mapenzi yake kwa mbao.

Ndipo ukaja upepo wa Julai kutoka mashariki, ule unaofanya watu wa Dodoma wafunge madirisha mchana kweupe. Uliwakuta na Ndoo mbali na ufuko. Mashua ililala ubavu hadi maji yakapita kwenye ukingo. Kisanduku kiliruka kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, chupa za chanjo zikapasuka, na Restuta akatapika kwenye pazia la maua.

"Nirudishe," alimwambia Mohamedi, midomo imekuwa ya kijivu. "Nirudishe, baba, nina watoto."

Walirudi. Alasiri hiyo hiyo, upepo haujapungua hata kidogo, Anitha alisema jaribio halina maana bila kuitoa Kabati katika hali ile ile. Restuta alisuuza mdomo, akapanda.

Kabati iliinama kidogo, ikajikaza, ikasimama hapo. Mawimbi yalipiga, nayo ikayapasua katikati bila kushtuka. Chini ya sakafu mkwaruzo ulianza, na safari hii haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa wengi, wa haraka, wa nguvu, kama ua mzima wa wanawake siku moja kabla ya harusi. Chumba kilijaa harufu ya unga mbichi.

"Unasikia harufu hiyo?" Anitha aliuliza.

"Ya uwele," alijibu Restuta, amefumba macho. "Huwa ipo kukiwa na upepo mkali. Usiiandike hiyo, watatucheka." Kisha akalala usingizi.

Kesho yake, mashua ikiwa imetia nanga, Anitha aling'oa mbao za sakafu. Alitaka kujua Kabati inapata wapi uthabiti ule.

"Ni farumi," Mohamedi alisema, akishusha mguu wake polepole ndani ya chumba. "Uzito wa tumboni. Chombo cha tanga bila farumi kinapinduka kwa chafya. Ndoo uzito wake ni kile chuma cha kwenye mkuku. Huyu amepewa mawe. Tazama kazi ya mjomba wangu Abdulrazaki, Mungu amrehemu."

Mawe yalikuwa yamepangwa safu safu, bapa na mazito. Kila moja lilikuwa na shimo refu katikati, laini kama ndani ya bakuli, na katika kila shimo maji kidogo yalitulia.

"Mwaka wa ukame mkali maji yalirudi nyuma sana," Mohamedi aliendelea. "Mjomba ndiye alikuwa fundi wa yule Mzungu. Aliyakuta kwenye tope, marundo marundo. Mawe ya kusagia! Watu walihama, nani angebeba mzigo huo? Sasa angalia akili. Aliyalaza mashimo juu, ili maji yanayovuja yakusanyike humo. Unapitisha kitambaa, kwisha. Hujawahi kuona mashua ya mbao kavu namna hii."

Anitha alikubali kwamba ilikuwa akili. Akayapiga picha kwa simu, moja moja.

Jumamosi alikwenda kwa bibi yake, mtaa wa Nkuhungu. Loisi alikuwa mkekani akibangua karanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Huko majini hawali?"

"Tunakula. Bibi, nina kitu cha kwenu. Cha Chilonje." Akampa simu.

Loisi alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na uso. Aliangalia picha ya kwanza.

"Yamelalaje?" aliuliza.

"Nini, bibi?"

"Mashimo. Yanaangalia juu au chini?"

"Juu. Yule fundi aliyaweka hivyo ili..."

Loisi aliigeuza simu, akailaza kioo chini juu ya mkeka.

"Kwetu mwanamke akifa, jiwe lake halirithiwi," alisema. "Linabebwa nyuma ya maiti, linalazwa juu ya kaburi, uso chini. Ndiyo kusema, umemaliza. Jiwe likiangalia juu, ni nyumba yenye njaa. Mwenye jiwe ataamka asage."

"Si ni mila tu, bibi?" Anitha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mila. Nani kakwambia si mila?"

Kisha akainua simu tena, akaomba aonyeshwe jinsi ya kusogeza picha. Alisogeza kwa kidole kilichonyooka kama kijiti. Kwenye jiwe moja kidole kilisimama. Shimo la jiwe hilo lilikuwa limepinda, upande wa kushoto limeliwa zaidi kuliko wa kulia.

"Mama alivunjwa mkono wa kulia na fahali," alisema Loisi. "Ulipona kombo. Alisaga akisukumia kushoto maisha yake yote." Alirudisha simu. "Nipeleke."

Walikodi gari la jirani, Noah, wakafika bwawani Jumatatu. Mohamedi, alipoelezwa, alivua kofia yake.

"Shikamoo mama. Sisi tulizaliwa mjini, wazee wetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Kaburi letu lina tuta na alama ya kichwani, unalijua kwa macho. Rundo la mawe kwenye tope, mjomba hakujua. Wallahi angejua asingegusa."

"Sijaja kugombana, baba. Nimemfuata mama."

Wakalitoa lile jiwe lenye shimo lililopinda. Mohamedi alilibeba mwenyewe kifuani, akitembea majini, na mishipa ya shingo ikamtoka. Loisi alilifunika kwa kanga kabla halijagusa mchanga.

"Haya," alisema. "Twendeni."

"Na mengine, bibi?"

"Mengine si yangu. Mimi nina mama mmoja."

Restuta, aliyekuwa amesimama pembeni, aliingilia. "Bibi amesema vizuri. Mdogo wangu, weka jiwe jingine hapo kwenye pengo, turudishe mbao, andika ripoti yako. Ng'ambo kuna Miriam, mimba ya mapacha, presha inapanda. Siku upepo ukiwa kama ule nitamfikia na nini? Na Ndoo?" Akasogea karibu. "Hawa wamekufa, Anitha. Nawaheshimu, lakini wamekufa."

Anitha alikumbuka sauti ile ya ua mzima wa wanawake, na usingizi wa Restuta juu yake.

Akajaribu njia ya katikati, kama alivyofundishwa. Waliyatoa mawe yote, wakayafunika kwa turubai ufukweni. Wakaleta mawe ya kawaida kutoka mlimani, wakayapima kwa mizani ya mnunuzi wa samaki mpaka uzito ukalingana, wakayapanga palepale. Kwa hesabu hakukuwa na tofauti yoyote. Walipotoka, upepo haukuwa hata nusu ya ule wa mwanzo, na Kabati ikalala ubavu kama mlevi. Maji yakaingia chumbani, mlingoti ukalia. Chini ya sakafu hapakuwa na sauti, isipokuwa mawe kugongana. Walirudi kwa kuteremsha tanga na kuomba Mungu.

Mohamedi alifunga kamba, kisha akarudi kukaa kwenye usukani ingawa mashua ilikuwa imesimama.

"Amekuwa mbao," alisema. "Mbao tu."

Jibu lilikuwa pale pale chini ya turubai, na wote watatu walilijua. Yarudisheni. Hakuna ambaye angewalaumu. Restuta alikwenda kuosha kisanduku chake kwa maji mengi kuliko yaliyohitajika.

Anitha aliketi kando ya turubai. Mchana ulikuwa mweupe, bila kivuli, na joto lilitoka chini ya turubai kama kutoka jikoni. Alimfikiria Miriam, ambaye hakuwahi kumwona. Aliwafikiria na hawa. Miaka yote ambayo watu wa ng'ambo walisema mashua ile ina baraka, kumbe kuna waliokuwa chini wamepiga magoti, mikono mbele, mikono nyuma, wakiisimamisha. Pengine wangekubali wakiombwa. Wanawake aliowajua yeye wangekubali, wote, hata bibi yake baada ya kulalamika. Lakini hakuna aliyewaomba, na wao hawakuwa na namna ya kukataa. Alitamani sana lipatikane neno la kuwaomba. Aliweka kiganja juu ya turubai, akasubiri. Chini ya kiganja kitu kilisogea kidogo mbele, kidogo nyuma.

Akainuka, akaenda kumwambia Restuta kwamba itabaki Ndoo.

"Utatuua," Restuta alisema. Hakupaza sauti.

"Nitakuwa navuka na wewe. Kila safari."

"Hiyo itamsaidia nini Miriam, kufa na mhandisi?"

Mawe yalipelekwa Chilonje Mpya, juu mlimani, mahali watu wa kijiji walipohamishiwa. Wakaja wanawake wazee wachache. Mmoja alimtambua shangazi yake, mwingine alisema labda, labda, akashindwa kuendelea. Mengi hayakuwa na mtu. Loisi alilaza la mama yake kwanza, uso chini, kwenye kishimo alichochimba kwa jembe lake mwenyewe. Alisema maneno ya Kigogo, kisha akarudia kwa Kiswahili, labda kwa ajili ya mjukuu wake.

"Tumekula, mama. Tumeshiba."

Alijiinua kwa shida, akajipangusa magoti. Anitha alidhani sasa ataomba kupumzika. Loisi alilitazama jiwe lililofuata, lisilokuwa na mtu, akatazama pembeni kana kwamba anaona haya, kisha akalishika. "Mbukwenyi," aliyasalimu yote kwa pamoja kwa Kigogo, akaendelea kugeuza.

Habari ya Miriam ilikuja kwa simu mwanzoni mwa Agosti, katikati ya asubuhi, na upepo ulikuwa tayari unainua vumbi. Uchungu ulikuwa umeanza, kichwa kinamuuma, haoni vizuri. Restuta alifungasha kisanduku. Mohamedi aliangalia maji, akaiangalia Ndoo, akatema mate.

"Uzito hautoshi," alisema. "Hii inasimama kwa watu. Wanakaa ukingoni upande wa upepo, inaposhuka upande wa pili wao wanaivuta. Sisi ni watatu, na mmoja anatapika."

Anitha alipanda mlimani akikimbia. Wanawake wa Chilonje Mpya walikuwa kisimani. Aliwaeleza kila kitu huku akihema: upepo, mashua nyepesi, hatari yenyewe. Aliwaambia wanaweza kukataa. Alilirudia hilo mara kadhaa mpaka Mwanne, mwanamke mnene muuza samaki, akamkatiza.

"Ngoja kwanza. Mashua ya wafadhili inataka makalio mazito?"

"Ndiyo, dada. Inataka watu."

"Jamani, siku yetu imefika!" Mwanne aliwageukia wenzake. "Miaka yote wanatuambia tupunguze!"

Walishuka wakicheka, lakini kicheko kilikwisha walipoona maji. Hata hivyo walipanda. Wakakaa ukingoni safu moja, kanga zimefungwa viunoni, migongo nje juu ya mawimbi. Ndoo ilipolala, Mohamedi alipiga kelele, nao wakajitupa nyuma, na mashua ikasimama. Ikalala tena, wakajitupa tena. Walilowa mpaka kichwani. Restuta alikuwa chumbani amekumbatia kisanduku, anatapika kwenye sufuria, lakini kisanduku hakikuruka.

Katikati ya bwawa, kati ya miti iliyokufa, upepo ukakata. Ulikata kama mtu aliyeziba mdomo. Tanga likaanguka, maji yakawa bapa, jua likasimama juu ya vichwa vyao. Ng'ambo ilionekana, paa moja moja la bati, karibu kabisa na haifikiki.

Anitha alitega sikio. Chini ya sakafu ya faiba hapakuwa na kitu. Alisikiliza kwa hofu, kisha akagundua kwamba anasikiliza kwa hamu, na hilo likamtisha zaidi.

Mwanne alikuwa ameweka mikono mapajani, anaangalia maji. Mikono yake ilikuwa ikienda mbele, ikirudi nyuma, mbele, nyuma, polepole juu ya kanga iliyolowa. Ya jirani yake vilevile. Na ya aliyefuata. Macho yao yalikuwa mahali pengine. Anitha hakutaka kuangalia mikono yake, lakini aliiangalia, akaikuta nayo inasukuma. Aliishika, mmoja ukiubana mwingine, na ndani ya ngozi aliusikia ule mwendo ukiendelea.

"Dada Mwanne," alisema. "Mikono yako."

Mwanne alishtuka, akaitazama kama ya mtu mwingine. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza chini. Kutoka chumbani Restuta aliuliza kwa nini wamesimama, akasema Miriam amepiga simu tena, au si Miriam, ni mama yake, na analia.

"Sasa mikono ikitaka kazi si ipewe kazi?" alisema Mwanne. Hakuwa akicheka. Alilala kifudifudi ukingoni, akazamisha mikono majini hadi viwiko, akaanza kuvuta maji kuelekea nyuma. Aliyekuwa karibu naye akalala pia. Wengine wakahamia ukingo wa pili.

"Mnafanya nini?" Mohamedi aliuliza, lakini tayari ameushika usukani.

Anitha alipata nafasi kati ya wanawake wawili, akalala. Maji ya juu yalikuwa ya vuguvugu, ya chini baridi. Alizamisha mikono, akaiacha ifanye inavyotaka, mbele, nyuma, pamoja na ya wenzake. Ndoo ilitikisika, ikasita, kisha mti wa kwanza mweupe ukaanza kurudi nyuma yao taratibu.